Wauza vifaa vya kamera mmeniumiza: flashi ya majini HAIPIGI video, na mlijua nataka video

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu. Nimejaribu kumalizana nao kimyakimya, imeshindikana. Sasa naliweka hapa, na hasira zangu sitazificha.

Nina studio ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Kazi zangu ni harusi, kipaimara, mahafali na picha za pasipoti. Mwezi wa tano nikapata kazi niliyoitamani miaka mingi. Mwenye nyumba ya wageni kule Matema alitaka picha ishirini za kuning'iniza ukutani na video ya dakika tatu ya samaki wa Ziwa Nyasa, wale wa kwenye miamba ukitoka Lyulilo kwenda Ikombe, pale ambapo milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja. Waliowahi kuvaa miwani ya kuogelea wakachungulia pale wanajua ninachosema. Kuna samaki wa bluu iliyokolea wenye milia myeusi, wapo wa njano, wapo majike wenye mabaka ya rangi ya chungwa. Ziwa lile lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine kokote duniani, na sisi wa Nyanda za Juu tunawajua wale wa kwenye sahani tu.

Hausingi ya kamera, yaani kasha la kuikinga na maji, nilikuwa nayo, niliinunua mtumba. Kilichokosekana ni taa.

Taa ni lazima kwa sababu maji yanakula rangi. Nyekundu ndiyo inayoondoka kwanza. Mita tano tu imeshafifia vibaya, mita kumi umebakiwa na bluu na kijani, na lile jike la rangi ya chungwa linaonekana kama jiwe. Dume la mbuna, ndio hao samaki wa kwenye miamba, lina vidoa vya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia, vimekaa kama mayai. Bila taa vidoa vile vinakuwa vya kijivu. Ukitaka rangi irudi lazima ushuke na mwanga wako mwenyewe.

Nikaandikia duka moja la Dar lenye wafuasi wengi mtandaoni. Ujumbe wangu bado ninao, nanukuu: "Nahitaji taa ya kupiga picha NA VIDEO chini ya maji, kina kama mita sita." Nikawatumia na picha ya kamera na hausingi yangu. Jibu likaja ndani ya dakika mbili: "Bosi chukua strobu hii, ndo kila kitu. Picha na video zote inapiga. Inazama mpaka mita 100."

Laki tisa na nusu. Laki nne zilikuwa zangu, zilizobaki ni malipo ya awali aliyonipa mteja. Mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi nikiwa na furaha kama mtoto.

Wakuu, strobu ni flashi. Inajaza umeme kwenye kapasita, kifaa cha ndani cha kuuhifadhi, inautoa kwa mpigo mmoja mfupi sana, sehemu ndogo tu ya sekunde, halafu inasubiri sekunde mbili tatu ijae tena. Ndiyo kazi yake na inaiweza kweli. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT kule Marekani, alikuwa anagandisha matone ya maziwa hewani kwa taa za aina hiyo tangu miaka ya 1930. Lakini video inataka mwanga unaowaka bila kukatika muda wote unaorekodi. Kamera yangu ikiwekwa kwenye video haiiamrishi flashi kabisa, na hata ingeiamrisha ningepata fremu moja nyeupe na sekunde mbili za giza. Usiku wa mvua kule Kyela radi ikipiga unaona kila jani la mgomba, lakini hakuna mtu anayetembea kwenda kwake kwa mwanga wa radi.

Sasa yule kijana alisema inapiga video kwa sababu gani? Katikati ya flashi kuna kataa kadogo ka kulengea, kamewekwa kusaidia kamera ipate fokasi gizani. Kanatoa mwanga mwembamba, dhaifu. Ndicho alichoniuzia kwa jina la "taa ya video"!

Nikashuka Matema na binamu yangu. Sisi hatuna mitungi ya hewa, tunazama kwa pumzi. Siku ya pili, kina cha mita sita hivi, kwenye ufa kati ya miamba miwili, nikamkuta jike koo limetuna. Samaki wengi wa ziwa lile majike hubeba mayai mdomoni, na hata vifaranga vikitotolewa vinaendelea kukaa humo siku kadhaa, mama hali vizuri. Huyu nilimkuta amewatoa. Vifaranga vidogo kama punje za mchele, vimejikusanya mbele ya uso wake. Nikawasha video, nikawasha kale kataa, nikasogea taratibu mpaka karibu nusu mita. Alinigeukia, akapanua mdomo, na vifaranga vyote vikarudi ndani kwa mkupuo, kama mtu anayevuta uzi. Vikaisha. Akafunga mdomo akaondoka.

Niliona kwa macho yangu. Nilipopanda juu pumzi ikiwa imeniishia, nikafungua video: giza la kijani, kiduara kidogo cheupe juu ya jiwe, na kando yake kivuli kinachotikisika. Hicho ndicho nilichonacho. Nimerudi pale siku nne mfululizo, sijamwona tena.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anatungoja na mtumbwi aliniuliza, "Mwanangu, taa yako mbona inapepesa tu?" Nilikosa la kumjibu mzee wa watu.

Nisiwe mwongo, picha za mnato zilitoka, na zingine nzuri sana. Kifaa hakina ubovu. Lakini hata hizo zilinichukua siku mbili za kuumia kwa sababu hakuna aliyenieleza lolote zaidi ya mita 100. Mita 100 za nini? Mimi na wewe tutakufa kabla ya kufika huko. Kina ndicho kitu cha mwisho cha kuuliza, karibu kila strobu inakipita kina utakachoshuka. Ya kuuliza ni mengine kabisa.

Kwanza nguvu. Kwenye boksi wameandika namba ya mwongozo 32. Ukiigawa kwa umbali kwa mita unapata apecha (tundu la lenzi, namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo) ya kutumia kwenye ISO 100 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga), kwa hiyo mita moja nikaweka f/32 kama kitabu kinavyosema, picha nyeusi tii. Nikadhani imeharibika. Kumbe ile 32 ni ya HEWANI, imeandikwa pembeni kwa herufi ambazo hata kwa miwani unahangaika. Ndani ya maji unabakiwa na kama theluthi, yaani 11 hivi. Mita moja ni f/11, nusu mita ni f/22, na ukifika mita mbili umebaki na f/5.6 na rangi zimeshaanza kuliwa tena, kwa sababu mwanga unasafiri majini kwenda na kurudi. Anayekwambia flashi yake inamulika samaki aliye mita tano anakuibia.

Halafu vumbi. Hili nalizungumza kwa kirefu maana nimeona wengi wakililaumu ziwa. Mwezi wa sita upepo wa kusi unapiga, Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, mawimbi ya ziwa zima yanaishia pale. Maji yanakuwa na punje nyingi ndogo. Picha zangu za siku ya kwanza zote zilijaa madoa meupe kana kwamba theluji inaanguka. Waliowahi kuendesha usiku Uyole kwenda Tukuyu wakakutana na ukungu maeneo ya Isongole wanalijua tatizo hili. Ukiwasha fulu unaona ukuta mweupe, kwa sababu taa inamulika ukungu ulio mbele ya macho yako. Taa za ukungu zinafungwa chini na pembeni kwa sababu hiyo hiyo. Flashi ikikaa juu ya lenzi inamulika kila punje iliyo kati yako na samaki. Ikisogezwa mbali pembeni kwa mkono wake, irudi nyuma kidogo ya kioo cha hausingi, na uso wake ugeukie nje badala ya kumkodolea samaki, punje zile zinabaki gizani na samaki anaguswa na ukingo wa mwanga tu. Nilipofanya hivyo picha zikasafika palepale, maji yaleyale. Mkono huo sikuuziwa. Sikuambiwa hata kama upo. Nilitengeneza wa bomba la plastiki kwa fundi pale Kyela mjini.

Na waya. Walinitumia waya wa umeme wa pini tano wakati picha ya hausingi yangu wanayo na haina tundu la pini tano. Yangu inatumia faiba, yaani uzi wa kupitisha mwanga: flashi ndogo ya kamera inawaka ndani, mwanga unapita kwenye faiba, unaiamsha strobu nje. Nikaagiza kwingine, elfu themanini nyingine.

Rafiki yangu wa Iringa ameniambia naye dukani hapohapo alitaka kuuziwa strobu ya kutumia na GoPro, zile kamera ndogo za video. GoPro haina namna ya kuiamsha strobu. Hawa wanauza wasichokijua au wanajua na wanauza hivyo hivyo?

Nikawapigia. Kijana akasema, "Kaka kwani video haijatoka kabisa?" Nikamtumia. Akakaa kimya siku tatu, kisha likaja jibu la mkubwa wake: "Kifaa kikishaingia majini hatukipokei wala hatubadilishi." Someni tena hiyo sentensi, wakuu. Ni kifaa cha MAJINI. Nilitakiwa nikijaribu wapi, kwenye ndoo ya vumbi?

Kinachonichoma kuliko laki tisa ni hiki. Baada ya yote, mtu mmoja mwenye uzoefu wa kuzamia Zanzibar alinielekeza bure, kwa dakika kumi. Akaniuliza unazama mita ngapi, saa ngapi, samaki yuko wazi au kwenye ufa. Nikamjibu. Akasema video ya samaki walio wazi, mita tatu au nne, jua la saa tano mpaka saa nane, haihitaji taa yoyote. Shuka na kipande cha plastiki nyeupe, kipige picha hapohapo kwenye kina chako, iambie kamera hii ndiyo nyeupe, rekodi. Ukibadilisha kina, rudia. Kwa ndani ya miamba ndiyo utafute taa za video, mbili ukiweza, zenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) elfu kadhaa kila moja na mwanga mpana wa nyuzi 100 na kuendelea. Tochi ya kuzamia usichukue, mwanga wake ni mwembamba, utapata doa jeupe katikati na giza pande zote.

Maswali matatu! Yule kijana angeniuliza maswali hayo matatu, angeniuzia taa za video, au angeniambia ukweli kwamba kwa nusu ya kazi yangu sihitaji kununua kitu, na ningemwamini maisha yangu yote na kumpelekea wateja wa Mbeya nzima. Badala yake nimemrudishia mteja sehemu ya fedha kwa sababu video haipo. Picha ishirini amezipokea na amezipenda, Mungu ambariki, ila kila akinipigia anauliza, "Na yule samaki anayemeza watoto?" maana nilimsimulia.

Kabla mtu hajaja kuniambia ningesoma kwanza: nilisoma. Niliandika NA VIDEO kwa herufi kubwa kwa mtu anayejiita mtaalamu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu kile kifaa kinachoweza kufanya, na hapa upotoshaji umeandikwa, una tarehe na saa. Mazungumzo yote nimeyahifadhi, risiti ninayo, na boksi lenye ile 32 ninalo.

Duka sijalitaja, kwa makusudi. Nimewapa mpaka Ijumaa wabadilishe strobu kwa taa mbili za video na mimi niongeze tofauti ya bei, hata hilo niko tayari. Wakikaa kimya, Jumatatu barua inakwenda Tume ya Ushindani.

Na kama kuna mtu Mbeya, Tukuyu, Njombe au Iringa ana taa za video za majini za kukodisha, aje PM. Upepo ukitulia mwezi wa tisa nashuka tena Matema, kwenye ufa uleule.