Tupeane uzoefu: Ukitishwa kwa raha, moyo wako unasemaje?

Wakuu, poleni na baridi. Mimi ni mgonjwa wa picha za kutisha. Jumamosi usiku sikosi kibanda umiza cha mtaani kwetu Mwanjelwa, koti juu, kofia ya sufu. Shida ni kwamba mwaka jana niligundulika nina presha. Juzi nikaingia na kipimo changu cha mkononi. Kabla ya picha: 132/84. Mzimu ulipochomoka kabatini nikajipima gizani: 171/103, mapigo 124! Nusu saa baadaye, chai ya tangawizi mkononi, 138/86. Nimeanza kusita. Wenzangu yamewakuta yapi?

Mnyalu wa Ipogolo: Mie nilikuwa utingo. Dereva wetu alipenda kututania kwenye mteremko wa Kitonga, anajifanya breki zimekata. Moyo nilikuwa nausikia masikioni. Tukifika Ruaha Mbuyuni nacheka mpaka machozi, mwili mwepesi kama nimetoka kuoga. Nilikuwa na miaka 22 lakini. Leo ningemshusha kwa makofi.

Binti Rungwe: Sisi tulimvizia mama nyuma ya mlango wa stoo, gunia kichwani. Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, kashika kifua. Hospitali walisema moyo uko salama, ila ule ukimya wake sijausahau.

Nesi mstaafu, Tukuyu: Mleta mada, kipimo ukiwa unarukaruka kwenye benchi kinadanganya, kaa utulie dakika 5 kwanza. Ila presha kupanda ni kweli. Ukishtuka, adrenalini, ile homoni ya hofu, inamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, mishipa inabana. Ubongo unajua ni picha, mwili haungoji kuulizwa. Mwenye moyo mzima hurudi sawa muda si mrefu. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba ndiye wa kuogopewa, maana moyo unadai oksijeni isiyofika.

Na wewe binti, mshtuko mkali unaweza kuudhoofisha moyo ghafla hata kama mishipa haijaziba. Wajapani waliuita takotsubo, mtungi wa kunasia pweza, kwa jinsi moyo unavyotuna. Huwapata zaidi akina mama waliokoma hedhi. Wengi hupona, lakini mama yako hakuomba kutishwa. Huyu wa Mwanjelwa kalipa kiingilio mwenyewe.

Mleta mada: Nesi, nimekusoma. Jumamosi hii kibandani hakuna mzimu, ni Simba na Yanga. Dawa ya asubuhi siisahau.