Honi ya Beetle ya 1969: nataka ilie kutoka kwenye usukani wake wa asili

Beetle_wa_Kasarani
Habari zenu wadau. Nina Volkswagen Beetle ya 1969, umeme wake volti 12. Aliyeniuzia alikuwa ameifunga usukani mdogo wa spoti, na honi akaihamishia kwenye kitufe chini ya dashibodi. Nimepata usukani wake wa asili, ule mkubwa mwembamba, kitufe cha honi kikiwa katikati, na tayari nimeufunga. Kile kitufe cha dashibodi nimekiondoa na waya wa honi nikaurudisha kwenye usukani. Sasa nikibonyeza, kimya. Lakini nikikata kona hadi mwisho kulia, honi hulia yenyewe kidogo na kunyamaza.

Fundi mmoja amenishauri tutoboe bomba la usukani tupitishe waya kwa nje. Moyo wangu umekataa kabisa. Gari hili limefika hapa bila kutobolewa na ningependa libaki hivyo. Nifanyeje?

Dereva_Mstaafu
Rudisha kitufe cha dashibodi uendelee na maisha. Wakaguzi wa magari pale Likoni Road, Nairobi, wanataka honi ilie, hawaulizi waya umepita wapi.

Mama_Rilei
Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Matatu ikikuingilia ghafla pale kwenye mzunguko wa Globe, mkono hukimbilia katikati ya usukani. Huna muda wa kupapasa chini ya dashibodi.

Ndugu wa Kasarani, usitoboe kitu. Elewa kwanza umeme unavyopita. Kwenye Beetle, honi hupata chanya moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi. Kitufe hakiipelekei chanya, kinaipa negativu, yaani bodi ya gari. Sasa kule chini, shafti ya usukani inapokutana na sanduku la usukani, kuna kapilingi, yaani kiungo cha kuziunganisha, yenye mpira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo shafti nzima imetengwa na bodi, na negativu lazima ivushwe kwa waya.

Fanya kipimo hiki. Washa swichi. Chukua kipande cha waya, ncha moja ishike kwenye chuma kisafi cha bodi, nyingine iguse shafti juu ya ule mpira. Honi ikilia papo hapo bila kubonyeza, basi shafti ndiyo njia ya honi, na kinachokosekana ni waya wa negativu unaopanda ndani ya shafti kufika kwenye kitufe. Isipolia mpaka ubonyeze, shafti ndiyo njia ya negativu na kikwazo chako kiko kwenye kapilingi. Njoo utuambie.

Beetle_wa_Kasarani
Asante sana dada. Imelia papo hapo bila kubonyeza! Nimemulika ndani ya shafti kwa tochi, hamna waya wowote. Nadhani waliung'oa walipofunga ule usukani wa spoti.

Mama_Rilei
Basi ugonjwa umejulikana. Na kule kulia yenyewe kwenye kona: shafti imeunganishwa na waya wa honi, kwa hiyo ikigusa chuma cha bodi popote, honi inalia. Angalia beringi ya juu ya usukani. Kile kipande cha kuhami kikiisha, shafti hulegea na kugusa bomba unapokata kona. Tikisa usukani juu na chini. Ukicheza, hapo ndipo pa kuanzia. Usipitishe waya mpya kabla ya kurekebisha hilo.

Fundi_Umoja
Dada amemaliza kwenye kupima, mimi niongeze ya kazi yenyewe. Toa kebo ya betri kwanza. Nunua waya laini wa nyuzi nyingi, ule mgumu wa nyumba usiuguse kabisa. Kuupitisha, teremsha waya wa breki ya baiskeli kutoka juu hadi utokee chini, funga waya mpya kwenye ncha yake kwa tepu ya umeme, kisha vuta taratibu. Pale unapotokea chini, ukingo wa shafti ni mkali kama wembe, uvishe waya mrija wa mpira.

Watu wengi huogopa kwamba waya utajisokota usukani ukizunguka. Hautajisokota, mradi ncha zote mbili zimefungwa kwenye vitu vinavyozunguka pamoja: juu kwenye kitufe, chini kwenye boli ya kapilingi upande wa sanduku la usukani. Ukifunga ncha ya chini kwenye bodi, hapo ndipo utakatika.

Na tafadhali, boli za kapilingi ni usukani wako. Weka vibati vipya vya kufungia, kunja masikio yake vizuri, na usiliendeshe gari kabla mtu wa pili hajakagua.

Kijana_wa_Ngara
Je, rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, inahitajika?

Mama_Rilei
Si lazima, lakini mimi ningeweka. Honi hunyonya ampea kadhaa, na kila ukiachia kitufe cheche huruka kwenye vile vigusio vya zamani ambavyo kuvipata tena ni kazi. Rilei inataka sehemu ndogo tu ya ampea moja. Miguu yake ina namba: 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda honi, 86 chanya ya swichi, 85 kwenye waya wa usukani. Mguu wa pili wa honi uende kwenye bodi. Ifiche nyuma ya dashibodi, hakuna kitakachoonekana.

Beetle_wa_Kasarani
Nimetikisa usukani na kweli unacheza. Beringi na kapilingi nitatafuta Kirinyaga Road kesho, waya na rilei Luthuli. Kapilingi yangu mpira umeanza kupasuka, niibadilishe sasa hivi?

Fundi_Umoja
Badilisha. Usisubiri.