Programu yangu ilikuwa sahihi, kazi nimekosa. Nilikosea wapi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jana nimepokea ile barua pepe ya "tunakutakia kila la heri", na mpaka sasa inanizunguka kichwani. Mliopitia usaili wa kampuni za teknolojia, hasa mliowahi kukaa upande wa kuuliza, naomba mnisaidie kusoma kilichotokea.

Hatua zilikuwa nne. Simu ya afisa ajira, dakika 20, tukacheka vizuri tu. Jaribio la mtandaoni, maswali mawili, nikamaliza na muda ukabaki. Ya tatu ndiyo hii ninayoililia. Ya nne sikuitwa.

Hatua ya tatu ni kwa video. Mnafungua ukurasa mmoja wa kuandikia kodi (yaani maandishi ya programu), msaili anaona kila herufi unayobonyeza na wewe unakiona kishale chake. Cha huyu kilikuwa cha rangi ya machungwa. Hakuna kitufe cha kuendesha programu, ni kama unaandika ubaoni. Swali: una orodha ya namba zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, tafuta namba fulani iko nafasi ya ngapi. Moyo ukatulia. Unaangalia ya katikati. Ikiwa kubwa kuliko unayoitaka, nusu ya juu unaitupa, unarudia kwenye iliyobaki. Namba milioni moja zinaisha kwa hatua 20 hivi. Hii kitu nimeiandika kwa Java, lugha ninayoandikia programu, mpaka vidole vimeikariri. Nikainamia kibodi, dakika kumi hivi hakuna aliyesema neno, yeye alipiga chafya mara moja.

Nilipomaliza akauliza, "Orodha ikiwa kubwa sana je?" Nikamjibu kwamba hatua zinaongezeka kidogo mno, ndiyo raha ya njia hii. Akasema sawa, akanyamaza, kisha, "Kubwa sana kabisa?" Nikarudia yale yale, safari hii kwa sauti ya mwalimu anayechoka. Akashukuru. Tukamalizia na maswali ya "tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako kazini", nikajibu ya kujibu.

Baadaye nimeiendesha kodi ile kwa kila mfano niliouweza. Jibu sahihi kila mara. Sasa mtu anakataliwaje?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana mkuu. Pengine nafasi ilishakuwa na mwenyewe. Mimi niliwahi kupewa "kazi ndogo ya kufanyia nyumbani": mfumo mzima, watu wajisajili, walipe, wapate risiti. Wikendi nzima. Nikatuma Jumapili saa tano usiku, na hadi leo hata "tumepokea" sijaiona. Wewe angalau wamekuaga.

Mchangiaji wa pili

Nimesaili watu kwa miaka sita, nikueleze kinachofanyika mkishaagana.

Msaili wako haamui peke yake. Anakaa anaandika ripoti: mtu huyu ameuliza nini kabla ya kuanza, amepima njia gani, amejaribuje kazi yake, akipewa dokezo anafanyaje. Ripoti ile inasomwa na wengine ambao sura yako hawajaiona. Kwa hiyo dakika zako kumi za kimya, kwake ni karatasi tupu. Yamenikuta: msailiwa kaandika jibu safi bila kufungua mdomo, na mwenzangu akaniuliza kikaoni, "Amelielewa au amelikariri?" Sikuwa na la kusema, na niliumia, maana nilihisi anajua.

Halafu kuna hili la kurudia swali. Msaili akikuuliza jambo lile lile mara ya pili, ujue jibu la kwanza halikugusa alichokitaka. Hebu bandika mstari unaopata nafasi ya katikati.

Mleta mada

Huu hapa:

`int kati = (mwanzo + mwisho) / 2;`

Mchangiaji wa tatu

Nilijua tu! Kwenye Java, int, yaani aina ya namba nzima uliyotumia, inaishia 2,147,483,647. Orodha ikivuka vitu bilioni moja na ushee, nafasi ya mwanzo ukiijumlisha na ya mwisho unaweza kupita hapo, jumla inageuka hasi, ukigawa kwa mbili unapata nafasi hasi, programu inaanguka. Andika `mwanzo + (mwisho - mwanzo) / 2`, yameisha. Kwa Python, lugha nyingine ya programu, usingekutana nalo, namba zake nzima hazina ukomo huo.

Wala usione haya. Kosa hili lilikaa ndani ya maktaba ya Java yenyewe, yaani kodi iliyokuja tayari na lugha hiyo, kwa takriban miaka tisa. Joshua Bloch, aliyeiandika sehemu hiyo, ndiye aliyelitangaza hadharani mwaka 2006.

Ila na hawa wasaili nao! Miaka minane nipo kazini, orodha ya vitu bilioni sijawahi kuishika mkononi. Huko ni kumtega mtu.

Mchangiaji wa pili

Ukiwa mtego, basi nami nimeutega sana. Lakini sijawahi kumwangusha mtu kwa mstari ule peke yake. Kuna binti nilimuuliza hivyo hivyo, akasema, "Sijui unalenga wapi, ngoja nijaribu kwa namba ndogo." Akaandika pembeni: tuseme int inaishia 10, mwanzo ni 7, mwisho ni 9. Akajumlisha. Akaganda. "Aah, 16 haiingii!" Nilijaza ukurasa mzima juu yake. Alikuwa halijui hilo jambo hata kidogo alipoingia.

Hiyo sauti ya mwalimu ndiyo ingenitia wasiwasi mimi, nikisema kweli.

Mleta mada

Nimekaa na maneno yenu siku mbili. Hilo la sauti limeniuma, nalimeza.

Kuna kitu nimekikumbuka. Kile kishale cha machungwa. Alipouliza mara ya pili kilikuwa kimesimama kwenye mstari ule, kando kabisa ya alama ya kujumlisha, kinapepesa. Nikadhani ameachia kipanya tu.

Alhamisi nina usaili kwingine. Nimemwomba mdogo wangu, ambaye kodi haijui hata ya kuombea maji, akae mbele yangu nimsimulie kila ninachoandika. Jana usiku alinikatiza mara tatu: "Umejuaje?" Mara mbili nilikosa jibu.