Macbeth aliharibiwa na uchu wa madaraka au tunajibu kwa mazoea tu? Karibuni tubishane

Mleta mada:
Wakuu, kuna jibu moja kila aliyesoma Macbeth ya Shakespeare analo kichwani, hata umuamshe usiku wa manane anakujibu: huyu jemadari wa Uskoti alikuwa mtu mwema, uchu wa madaraka ukamharibu, akamuua mfalme wake Duncan ili akae yeye kwenye kiti, kwisha habari. Nimeirudia hiyo tamthilia juzi nikaanza kulitilia shaka hilo jibu, sio kwamba ni uongo, ila linafika nusu ya njia afu linakaa chini.

Tuanze na huo wema wenyewe. Kabla hata hajatokea jukwaani tunapata habari zake kwa askari aliyejeruhiwa, eti kamkuta mwasi vitani kampasua kuanzia kitovuni mpaka kwenye taya, kichwa akakitundika juu ya ukuta wa ngome, na mfalme Duncan anasikia yote hayo anamwita muungwana. Yaani sifa yake ya kwanza ni kuua kwa ustadi! Ukiangalia, tofauti ya siku ile na usiku anaomchoma kisu Duncan ni nani katoa amri. Sasa ukiniambia alikuwa mwema akaharibika nakuuliza, wema upi?

Mi naona wema wake upo kwenye kusita. Nendeni sehemu ya kwanza, onyesho la saba, wageni wako mezani wanakula yeye katoka pembeni anajisemea peke yake, huyu ni ndugu yangu, mimi ni mtumishi wake, na leo ni mgeni wangu kwa hiyo mimi ndo nilitakiwa nimfungie muuaji mlango sio nishike kisu mwenyewe, afu ni mfalme mpole watu watamlilia. Upande wa pili wa mizani kabaki na kitu kimoja tu, tamaa, na anaitaja mwenyewe kwa jina lake. Mkewe akija anamwambia hili jambo tuliache. Huyo ni mtu anayejua hesabu imekataa.

Sasa linganisha na zamu ya kumuua Banquo, jemadari mwenzake ambaye wachawi walitabiri kizazi chake kitatawala. Hapo habishani tena na dhamiri, anachoumia ni kwamba kajichafua roho ili watoto wa mwenzake waje wawe wafalme, basi, wauaji wanaitwa, na mke hata hashirikishwi. Zamu ya familia ya Macduff, mkubwa mmoja wa Uskoti aliyemgeuka, ndo kabisa, anasema kuanzia sasa kitakachokuja kwanza moyoni ndicho mkono utakachofanya, mama na watoto wanachinjwa. Na hapo jiulizeni anatafuta cheo gani? Taji analo, Macduff mwenyewe kashakimbilia Uingereza, kumuua mwanawe hakumwongezei hata kiti cha pili. Uchu ulimaliza kazi yake usiku wa Duncan, kilichobaki ni woga wa kunyang'anywa. Ndo maana nasema kilichooza ni ule uwezo wa kubishana na nafsi yake. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Umeandika vizuri mkuu ila umewaruka wachawi watatu na yule mama, mke wa Macbeth. Jamaa alikuwa anarudi zake kutoka vitani hana hili wala lile, wakamwita mfalme mtarajiwa, mbegu ikapandwa. Kafika nyumbani mke kamtukana uanaume wake mpaka kakubali. Mi namuona kama mtu aliyesukumwa.

Mleta mada:
Wachawi walimwambia utakuwa mfalme, hakuna popote walipomwambia aue. Tena yeye mwenyewe anasema kama bahati inataka niwe mfalme basi bahati initawaze bila mimi kunyanyua mkono. Angeishia hapo! Banquo alikuwepo palepale, akaambiwa kizazi chake kitatawala, mbona hakwenda kuchinja mtu? Kuhusu mama, sawa, alisukuma, ila baada ya mauaji wale walinzi wawili nani kamtuma awaue? Ule mpango wa wawili ulikuwa kuwapaka damu tu.

Mchangiaji wa pili:
Banquo msimfanye malaika jamani. Sehemu ya tatu inaanza na yeye anasema kimoyomoyo kwamba anashuku Macbeth kacheza mchezo mchafu, afu anafanya nini? Anakaa kimya, kwa sababu kama utabiri wa mwenzake umetimia basi na wake utatimia. Huo nao ni uchu, umevaa kanzu tu. Na kwenye vitabu vya historia vya Holinshed ambavyo Shakespeare alichukulia kisa, Banquo ni mshirika kabisa kwenye kumuua Duncan. Shakespeare kamsafisha, na sababu inajulikana, mfalme James aliyeshika Uingereza 1603 alijihesabu kuwa wa ukoo wa Banquo, we ungeandika mwaka 1606 hivi kwamba babu yake mfalme ni muuaji?

Mchangiaji wa tatu:
Na Macbeth wa kweli nae kaonewa. Huyo Duncan alikufa vitani 1040, sio kitandani, na Macbeth kaitawala Uskoti kama miaka 17 mpaka 1057, katikati hapo kaenda mpaka Roma kuhiji. Mfalme anayeogopa kunyang'anywa kiti kila siku anafunga safari ya Roma?

Mleta mada:
Hii ya Roma nakubali inaniumiza hoja yangu, ngoja niseme ukweli. Maana Shakespeare kaifuta ile miaka 17 yote, Duncan aliyekuwa kijana kamfanya mzee mpole, kila kisingizio ambacho Macbeth angeweza kujitetea nacho kakiondoa, ikabaki tamaa tupu. Kwa hiyo mwandishi mwenyewe alitaka tuione tamaa. Hapo mnaosema ni uchu mmepata goli.

Mchangiaji wa kwanza:
Sasa na ile kusita yako inaishia wapi? Maana mwishoni mke kafa hata kulia halii, anasema tu maisha ni hadithi ya mwendawazimu. Huyo kashakuwa jiwe, hata Malcolm, mwana wa Duncan, anamwita mchinjaji. Nani ataona huruma?

Mleta mada:
Haijaisha yote mkuu. Siku ya mwisho anakutana na Macduff uso kwa uso, na neno la kwanza linalomtoka ni rudi nyuma, wewe ndo niliyekuwa nakukwepa kuliko wote, roho yangu imeshalemewa na damu ya watu wako.

Mchangiaji wa pili:
Si woga huo? Kakutana na mwanaume aliyetolewa kwa kupasuliwa tumbo la mama, ndo yuleyule wa utabiri wa wachawi kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru.

Mleta mada:
Angalia mpangilio. Hiyo habari ya kupasuliwa anaambiwa baadae, wameshapigana kabisa. Wakati anasema rudi, bado anaamini hakuna aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kumgusa.

Mchangiaji wa pili:
Dah. Ngoja nikaisome tena.