Tupeane uzoefu: Sikukuu nyumbani, na mpishi naye asherehekee

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamii, salaam. Kila msimu wa sikukuu unapokaribia tunapeana mapishi, tunaonyeshana mapambo na tunatumiana nyimbo, lakini ni nadra sana kumzungumzia mtu anayeyabeba hayo yote mabegani. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mmoja: wenzake wanapoketi mezani, yeye bado anachungulia oveni, wanapoimba, yeye anasugua sufuria, na picha zinapotazamwa jioni, hamna hata moja aliyomo. Kwa hiyo naomba safari hii tusiulizane nani amepamba zaidi wala nani amepika vingi zaidi. Tusimuliane ni kitu gani mlikibadilisha nyumbani kwenu, katika mapambo, mapishi au muziki, hata yule aliyekuwa akitumika sikukuu nzima akapata nafasi ya kuisherehekea. Asiye na kisa aulize swali. Maswali nayo ni mchango.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa mada hii. Kwetu chakula kikuu cha Krismasi huliwa mchana, na kilichobadilisha mambo ni kuipanga kazi kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kula, badala ya kuanza alfajiri na kuona tutafika wapi. Tukisema chakula ni saa saba kamili, kuku hutoka ovenini saa sita na nusu, kwa sababu nyama iliyookwa inahitaji kupumzika dakika 15 hadi 20 kabla ya kukatwa, la sivyo maji yake huishia kwenye ubao. Muda huo wa kupumzisha nyama ndio nguzo ya ratiba yangu yote. Oveni inakuwa wazi, kwa hiyo mboga na mikate hupashwa moto humo, nami napata nafasi ya kunawa uso na kubadilisha nguo kabla wageni hawajaketi.

Kuhesabu huko kunaanza mbali kuliko wengi wanavyodhani. Ndege aliyegandishwa huyeyushwa ndani ya friji, si juu ya meza, na huhitaji takriban saa 24 kwa kila kilo mbili. Maana yake bata mzinga wa kilo sita hutolewa kwenye friza siku tatu kabla ya kuokwa. Kipimajoto cha nyama nacho kimenipunguzia wasiwasi mwingi. Sehemu nene ya paja ikifika nyuzi joto 74 za Selsiasi, bila ncha ya kipimajoto kugusa mfupa, ndege ameiva, wala sina haja ya kufungua mlango wa oveni kila mara na kuupoteza moto.

Uamuzi mwingine ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu uligusa fahari. Niliamua kwamba mezani kutakuwa na chakula kimoja tu kinachohitaji mkono wangu katika nusu saa ya mwisho. Vingine vyote viwe vya kuliwa vikiwa baridi, vya kupashwa moto, au vya kujiokea vyenyewe bila kusimamiwa. Orodha ilifupika, na hakuna mgeni aliyeuliza vilivyokosekana. Wageni wakiuliza walete nini, sasa nawatajia kitu mahususi. Jibu la "njooni tu" ni la adabu, lakini humrudishia mpishi mzigo wote.

Swali kutoka kwa msomaji

Dada, nimekuelewa vizuri, ila hujasema kitu kuhusu keki na biskuti. Kwangu hizo ndizo hunikesha usiku wa kuamkia sikukuu.

Mchangiaji wa kwanza

Keki ya matunda makavu haina haja ya kukesha, kwa kuwa ni miongoni mwa vyakula vichache vinavyonoga kwa kukaa. Mimi huioka wiki mbili kabla. Zabibu na matunda mengine makavu hulowekwa usiku kucha katika juisi ya machungwa, ili yasije yakafyonza unyevu wa keki yenyewe. Siagi na sukari hupigwa hadi mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi, kisha mayai huongezwa moja moja, nayo yawe yametolewa kwenye friji mapema. Yai la baridi huigandisha siagi na mchanganyiko hukatika. Moto uwe mdogo, nyuzi 150 hivi, na chombo kitandikwe karatasi mara mbili pande zote, maana keki nzito hukaa ovenini muda mrefu na kingo zake huungua kabla ya katikati kuiva. Ikipoa kabisa naifunga kwa karatasi ya kuokea, halafu kwa karatasi ya alumini (foili), na kuiweka mahali penye giza na ubaridi.

Biskuti ni rahisi zaidi. Kinyunya cha biskuti za siagi hukaa kwenye friza hadi miezi mitatu bila kuharibika. Kiviringishe kama gogo jembamba, kigandishe, na siku yenyewe ukate vipande na kuvioka vikiwa bado vimeganda, ukiongeza dakika moja au mbili. Nyumba hunukia biskuti mpya, wala hujagusa unga.

Mchangiaji wa pili

Mimi nizungumzie mapambo, ambayo kwetu yalikuwa kazi ya mama watoto peke yake na ilifanywa yote kwa siku moja ya uchovu na ukali. Tuliibadilisha kwa kuigawa katika Jumapili nne za Majilio, zile zinazotangulia Krismasi. Wazo tulilitoa kwenye shada la Majilio, lile duara lenye mishumaa minne inayowashwa mmoja baada ya mwingine kila Jumapili. Mchungaji Johann Hinrich Wichern ndiye anayetajwa kuwa aliliunda mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea, ambao walikuwa wakiuliza kila siku kama Krismasi imefika. La kwake lilikuwa gurudumu la mkokoteni lenye mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Nimelipenda kwa sababu lilitengenezwa kuwafanya watoto wangoje kwa furaha, na nyumba yenye watoto inahitaji msaada wa namna hiyo.

Kwetu, basi, Jumapili ya kwanza ni ya shada, ya pili ni ya kutengeneza mapambo, ya tatu ni ya taa na mlango, na ya nne ni ya mti. Ile ya pili ndiyo ndefu kuliko zote. Tunakanda unga wa chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini na takriban kikombe kimoja cha maji, yakiongezwa kidogo kidogo. Kinyunya husukumwa, hukatwa nyota na kengele, hutobolewa tundu la uzi, na hukaushwa ovenini kwa moto wa nyuzi 100 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, kutegemea unene. Vikikaushwa vizuri na kupakwa rangi hudumu miaka mingi. Tahadhari moja tu: havifai kuliwa, na mwenye mbwa avitundike juu, kwa kuwa chumvi nyingi kiasi hicho ni sumu kwake. Wakati huohuo vipande vyembamba vya chungwa hukaushwa katika oveni yenye moto mdogo sana kwa saa kadhaa, vikigeuzwa mara kwa mara, kisha hupitishiwa uzi na kuning'inizwa dirishani ambako mwanga hupenya.

Mti wetu hauna mpangilio. Matawi ya chini yamejaa mapambo hadi yanainama, na ya juu ni matupu, kwa sababu waliopamba ni wafupi. Mwanzoni mama yao alikuwa akiyapanga upya usiku, watoto wakilala. Sasa ameacha, na nadhani huko kuacha ndiko kulikompa mapumziko kuliko ratiba yangu yote ya Jumapili nne.

Mchangiaji wa tatu

Kazi yangu ni ya umeme, kwa hiyo nitasema machache kuhusu taa. Mti wa kwanza kuwashwa taa za umeme ulikuwa wa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, mjini New York mwaka 1882. Aliufunga balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Kabla ya hapo watu walibandika mishumaa halisi kwenye matawi na kuweka ndoo ya maji karibu. Siku hizi hakuna sababu ya kutumia balbu za zamani zenye waya unaowaka, kwani za LED hutumia umeme pungufu kwa angalau asilimia 75 na hazipati joto la kuogopesha. Anayeweka mti uliokatwa aupunguze shina sentimita mbili au tatu kabla ya kuusimamisha, na aujazie maji kila siku, kwa sababu mti mkavu hushika moto haraka mno. Mishumaa ya mezani iwe mbali na pazia na karatasi, sentimita 30 au zaidi. Kikubwa kwa mada yetu ni swichi ya saa: taa hujiwasha na kujizima zenyewe, na mpishi anakuwa ameondolewa jukumu moja la kukumbuka.

Mchangiaji wa nne

Sisi ni Waislamu, na Idul-Fitri ina ugumu ambao Krismasi haina: siku yake haijulikani kwa yakini hadi usiku wa kuamkia. Ramadhani ina siku 29 au 30, na mpishi anayengoja mwezi uandame ndipo aanze kazi, huyo ameshajihukumu kukesha. Nyumbani kwetu kanuni ni kwamba ifikapo tarehe 28 ya mfungo, kila kinachovumilia kukaa kiwe tayari, nguo ziwe zimepigwa pasi, na zaka ya fitri iwe imetengwa, kwa kuwa inapaswa kutolewa kabla ya swala ya Idi. Mwezi ukionekana, usiku huo hubaki kuwa wa takbira, yaani kumtukuza Mungu kwa sauti. Wazee, vijana na watoto huitikia pamoja sebuleni, na mama yupo kati yao, jambo ambalo zamani halikuwezekana.

Asubuhi pia tumeirahisisha kwa kurejea sunna: kabla ya kwenda kuswali Idul-Fitri tunakula tende, kwa idadi witiri (isiyogawanyika kwa mbili), na chai kwa anayetaka. Mlo mkubwa unangoja turudi. Kuhusu mapambo, kwa kuwa mwaka wa Hijria, unaofuata mwezi, ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa takriban siku 11, Idi husogea polepole na kupita misimu yote, ya joto na ya baridi, ya mvua na ya kiangazi. Kwa hiyo hatutegemei maua wala matunda ya msimu. Tuna miezi na nyota za karatasi ngumu, vitambaa, na taa ndogo, vyote ndani ya sanduku moja ambalo hufunguliwa wakati wowote wa mwaka.

Mchangiaji wa tano

Ninafundisha kwaya, na nimewahi kuona familia nyingi zikitamani kuimba pamoja kisha zikaishia kusikiliza spika. Tatizo mara nyingi ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa. Rekodi nyingi za nyimbo za sikukuu zimeimbwa na watu wenye sauti zilizofunzwa, na anayejaribu kuzifuata hukwama kwenye noti za juu, huona aibu, hunyamaza. Zimeni rekodi, muanze nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti) mbili au tatu chini yake, na mtashangaa nani alikuwa na sauti nzuri. Kama kuna mpiga kinanda au gita, mwambieni asiharakishe. Chumba chenye bibi na mtoto mdogo huimba kwa mwendo wa polepole kuliko kwaya.

Chagueni nyimbo zenye kiitikio. Mtu anayetoka jikoni katikati ya ubeti hawezi kuudaka, lakini kiitikio atakidaka bila kuombwa. Na saa ya kuimba nimeipata hapahapa, kwa mchangiaji wa kwanza: dakika 15 hadi 20 za kupumzisha nyama zinatosha nyimbo nne au tano, na ndizo dakika pekee za mchana huo ambapo mpishi hana la kufanya. Kuimba baada ya kula ni kizuri pia, ila wakati huo nusu ya waimbaji wamelala na yeye ameshashika vyombo.

Mchangiaji wa sita

Naomba nitofautiane nanyi kidogo. Mimi ndiye mpishi wa nyumbani kwetu na sitaki kutolewa jikoni. Napenda kupika. Kilichokuwa kinaniumiza ni kusikia vicheko ng'ambo ya ukuta. Kwa hiyo tulihamisha sherehe badala ya kumhamisha mpishi: spika ipo jikoni, meza ndogo ya kukatia mboga imewekewa viti, na kila anayeingia hukabidhiwa kisu au kijiko kabla hajapewa kinywaji. Mapambo nayo yanaanzia huko, kwa nini yakae sebuleni tu? Orodha ya nyimbo naipanga mwenyewe, zenye mdundo wakati wa kukanda na kukatakata, za taratibu wakati wa kungoja oveni. Wageni wa heshima mwanzoni waliona haya kukaa jikoni. Sasa ndiko wanakoelekea wakishavua viatu.

Mwanzisha mada

Umenijibu jambo ambalo sikulifikiria, na nalikubali. Naongeza kuhusu mwisho wa siku, kwa sababu huko ndiko mpishi huachwa peke yake tena. Kwetu aliyepika haoshi vyombo, hilo halijadiliwi. Waoshaji ndio pia wenye dhamana ya mabaki, nayo yana saa yake: chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana haraka. Kigawanywe katika vyombo vifupi ili kipoe upesi, kiingie friji, kiliwe ndani ya siku tatu au nne, na kikipashwa moto kichemke hasa. Faida yake ni kwamba kesho yake hapikwi chochote.

Mchangiaji wa tatu

Na kabla hamjazifungasha taa, ziwasheni mara ya mwisho. Zisizowaka zitengwe sasa hivi, na zinazowaka zizungushwe kwenye kipande cha boksi, plagi ikibaki nje, na juu yake paandikwe urefu wa waya na zilikofungwa.