FIB-4 yangu 2.2, ini ndo limeshaota makovu au?

Wakuu habari zenu, nina miaka 58, ultrasaundi ilionyesha ini lina mafuta, daktari akaniandikia vipimo vya damu na majibu ni AST 48, ALT 36, pleitileti 210, pembeni kaandika FIB-4 = 2.2 na alama ya kuuliza, basi. Toka jana sijalala. Hiyo 2.2 ni nini na ndo nitadungwa lile sindano la kunyofoa kinyama cha ini??

Mzeewamahesabu: Pole mkuu, tulia. Hicho sio kipimo kipya, ni hesabu ya kukisia makovu ya ini kwa namba hizohizo (AST na ALT ni vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia, pleitileti ni chembe za kugandisha damu): umri mara AST, gawanya kwa pleitileti mara kipeuo cha pili cha ALT. Kwako juu 2784, chini 1260, kweli inatoka 2.2. Chini ya 1.3 makovu makubwa ni nadra, ikizidi 2.67 ndo wanashuku, we uko katikati, haisemi unayo wala huna.

Jongoo_7: Mbona mi nimepiga imetoka 0.002, huyu mzima kabisa

Mzeewamahesabu: Umeweka 210000 wewe, pleitileti zinahesabiwa kwa maelfu, weka 210 😂

Dadamaabara: Halafu umri unabeba sana, majibu hayohayo kwa mtu wa miaka 30 yanatoka 1.14, ndo maana kwa wenye miaka 65 kwenda juu kile kikomo cha chini cha 1.3 kinasogezwa hadi 2.0, na chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana.

Muuliza: Asanteni. Ila pleitileti na ini wapi na wapi?

Dadamaabara: Ini likikakamaa damu inapita kwa shida, presha inarudi nyuma kwenye bandama, bandama linavimba linazishika pleitileti, kwenye damu zinapungua. Sema hata malaria inazishusha, kwahiyo usipime ukiwa unaumwa. Na AST iko kwenye misuli pia, hukufanya kazi nzito kabla ya kupima?

Muuliza: Duh, siku moja kabla nilihamisha nyumba, kabati nimebeba mwenyewe

Dadamaabara: Basi mwambie daktari hilo, pengine mtarudia. Ikibaki palepale hatua inayofuata kwa kawaida ni FibroScan inayopima ugumu wa ini, inagusa ngozi tu, hakuna sindano.

Muuliza: Afadhali. Safari hii namwambia aandike maneno, hiyo alama ya kuuliza ndo imeninyima usingizi kuliko namba yenyewe