Msaada wadau: mbegu za foksiglavu zimekataa kuota, bustani ina kivuli nusu siku (Njoro)

Njoro Kwetu
Hamjambo wanajamvi. Huwa nasoma tu kimya kimya, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika, kwa hivyo mnivumilie.

Nimepanda foksiglavu, lile ua refu lenye vikengele vya zambarau na madoadoa kwa ndani, kitaalamu Digitalis purpurea. Nilitayarisha kitalu vizuri kabisa. Nikachanganya udongo na mbolea ya ng'ombe, nikachora mistari kwa kijiti kama ya sukuma, nikatia mbegu, nikafukia, na nimekuwa nikimwagilia kila jioni. Wiki zinapita na sioni kitu. Kilichoota ni ndago peke yake.

Kitalu kiko nyuma ya nyumba, upande wa mugrevilea. Jua linapiga asubuhi hadi kama saa tano, halafu ni kivuli mpaka jioni. Baridi ya Njoro mwezi wa saba mnaijua wenyewe.

Je, kivuli ndicho kinachoniponza? Nipande upya au ningoje? Nahitaji maua yawe yamefunguka kufikia Desemba. Ni lazima, na msiniulize kwa nini.

Mzee wa Lanet
Tatizo ni huo mugrevilea. Mimi nilikuwa nayo minne kwenye mpaka, inanyonya maji yote, chini yake hata nyasi zinanyauka. Nikaikata. Jirani akaja juu eti mmoja ni wake, marehemu babake ndiye aliupanda. Tukaenda kwa chifu, tukarudi, tukaenda tena. Kuni niligawiwa nusu na mbao zangu zikaozea pale pale kesi ikiendelea. Kata mti, lakini kwanza uite mtu wa kupima mpaka.

Kondele Damu
Unga ni bei ile, na mtu analilia maua. Panda dania, ikikataa kuota utanunua ya kumi, maisha yaendelee.

Dada Kitalu
Wachana na mti kwa sasa. Hilo jua la asubuhi na kivuli cha mchana ndicho foksiglavu inapenda, kwao huota pembezoni mwa misitu. Kosa ni kufukia.

Hizo mbegu ni laini kama ugoro, na zinahitaji mwanga ndipo ziote. Ukizifunika kwa udongo zinalala tu. Chukua trei au hata kopo la mafuta ya Kasuku lililotobolewa chini, jaza udongo wa msituni uliochekechwa, ulowanishe kwanza, halafu changanya mbegu na mchanga mkavu kidogo na unyunyize juu. Bonyeza kwa kiganja, basi. Usimwagilie kwa mkebe kwa sababu maji yatazisukuma zote kona moja. Weka trei ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini mpaka uone juu pamekuwa peusi, kisha toa. Funika na nailoni inayopitisha mwanga, weka mahali penye joto la kama nyuzi 15 hadi 20, usiweke juani moja kwa moja. Wiki mbili tatu hivi utaona vijani vidogo sana, na hapo watu wengi huving'oa wakidhani ni gugu.

Ukihamishia nje, acha kama sentimita 45 kati ya mche na mche. Karibu na mugrevilea uongeze mboji nyingi, maana Mzee wa Lanet hapo kwa maji amesema kweli. Lakini maji yasituame shinani, mche huoza katikati.

Njoro Kwetu
Mungu akubariki dada. Mbegu bado ninazo kidogo. Nikizipanda leo kwa trei, Desemba nitakuwa na maua?

Dada Kitalu
Inategemea ni aina gani. Ile ya kawaida mwaka wa kwanza hutoa majani tu, yanakaa chini yamejikusanya duara. Inapitisha majira ya baridi, ndipo mwaka wa pili inanyanyua shina la mita moja na zaidi lenye maua. Kuna aina za kuchanua mwaka ule ule, kama Foxy, hiyo huchukua kama miezi mitano tangu kupandwa. Pakiti yako imeandikwa nini?

Njoro Kwetu
Haijaandikwa aina.

Dada Kitalu
Ulinunua agroveti gani?

Njoro Kwetu
Si pakiti hasa. Ni karatasi iliyokunjwa. Nilitumiwa.

Afisa Mstaafu, Kakamega
Ulitumiwa kutoka wapi? Maana mbegu yoyote inayotoka nje lazima uwe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kabla haijatumwa, na iandamane na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Mnapenda kuona hizi ni sheria za kusumbua raia. Nimefanya kazi ya ugani nchi hii tangu enzi za mahindi ya njano, na nawaambia magonjwa mengi ya mimea huingia hivyo hivyo, ndani ya soksi na bahasha za watu wazuri wasio na nia mbaya. Kizazi hiki

Afisa Mstaafu, Kakamega
Samahani, simu ilituma kabla sijamaliza. Kizazi hiki hakitaki kufuata utaratibu.

Njoro Kwetu
Dadangu anaishi Bristol. Alizichuma nyuma ya nyumba yake akanitilia ndani ya kadi ya Krismasi. Zimeshafika, mzee wangu. Sasa nifanye nini, nizimeze?

Nesi wa Zamu
Hilo usiseme hata kwa utani. Mmea huo wote ni sumu, kuanzia jani, ua, mbegu, mpaka maji ya chupa uliyotilia maua. Una kemikali zinazogusa moyo moja kwa moja. Dawa ya moyo tunayoita digoksini inatoka kwa ndugu yake, Digitalis lanata, na kidonge cha kawaida ni miligramu 0.25 tu. Yaani kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua pana nafasi ndogo mno, ndiyo maana mgonjwa wa dawa hiyo huwa tunampima mapigo kwanza kabla hajapewa. Daktari Mwingereza William Withering alichapisha uchunguzi wake kuhusu jani hili mwaka 1785 na tayari alikuwa anaonya juu ya kutapika, moyo kwenda polepole, na mgonjwa kuona vitu vya kijani na manjano.

Kuchemsha hakuondoi sumu. Kukausha pia hakuondoi.

Swali langu: kitalu kimepakana na nini, na nyumbani mnaishi na nani?

Njoro Kwetu
Watoto nimeshawakanya, wanajua wasiguse. Na hapo karibu hakuna kitu cha maana, ni mboga tu za mama.

Dada Kitalu
Mboga gani?

Kondele Damu
Uzi umeanza kunoga. Ngoja nilete chai.

Dada Kitalu
Njoro Kwetu, mboga gani?

Njoro Kwetu
Komfri. Ile wengine wetu huita mabaki.

Nitaeleza yote ndiyo muache kunihoji kama askari. Mama ni mama mkwe. Ana mistari ya mabaki pale nyuma, analisha sungura, na nyingine anachanganya na viazi. Udongo mzuri kwenye plot hii uko hapo tu, kwingine ni changarawe. Kwa hivyo nilipanda katikati ya mistari yake. Sikumwambia kwa sababu yeye akiona ua anaona mbolea imepotea.

Wifi yangu anaolewa Desemba. Kwenye kikao cha kamati nilisimama nikasema maua ya kanisani niachieni mimi, nitapanda mwenyewe. Mama mkwe akacheka mbele ya watu wote. Nimeshapokea pesa ya maua kutoka kwa mweka hazina, na nyingine nimeitumia kununua mbolea na nailoni ya kivuli. Kurudi nyuma siwezi. Isitoshe, mama anayajua mabaki yake tangu ujana, hawezi kuchanganya.

Nesi wa Zamu
Anaweza. Majani ya foksiglavu kabla haijatoa ua na majani ya komfri yamechanganywa na watu wengi, wakanywa chai yake, wakaishia kwenye mashine ya moyo. Na hao walikuwa wakichuma mchana kweupe. Mama wako anachuma saa ngapi?

Njoro Kwetu
Jioni, akitoka maombi. Saa nyingine kwa tochi ya simu.

Nesi wa Zamu
Haya, sikiliza. Shika jani kwa vidole. Komfri ina manyoya magumu, yanakwaruza, na ukingo wa jani hauna meno. Foksiglavu ni laini kama blanketi, hasa upande wa chini, na ukingo una vijino vidogo. Hiyo ni tofauti ya mtu aliyetulia mwenye mwanga wa kutosha. Si ya mtu anayejaza sufuria gizani. Na sungura pia hawana mtu wa kuwaelezea.

Nilipokuwa zamu ya usiku miaka ile, alikuja mzee ametapika hadi macho yameingia ndani, familia inasema ni dawa ya kienyeji ya mgongo. Hawakujua ni jani gani. Nusu ya kazi yetu ilikuwa kuuliza jani, jani, jani gani, na kila mtu anaangalia sakafu. Alipona, lakini sitaki kuuliza swali hilo tena kwa mtu yeyote.

Afisa Mstaafu, Kakamega
Na hayo mabaki yenyewe si ya kula. Yana kemikali zinazoumiza ini. Marekani mwaka 2001 waliwataka watengenezaji waondoe komfri kwenye virutubisho vya kumeza. Lisha shamba kama mbolea ya maji, ni nzuri mno kwa nyanya. Nimesema haya kwenye mabaraza hadi koo likauka.

Mzee wa Lanet
Ningekuwa mama mkwe ningekufukuza wewe na maua yako. Unapandaje sumu kwenye mboga ya mtu mzima aliyekuzalia mume?

Njoro Kwetu
Sikujua ni sumu nilipopanda. Sasa najua. Lakini hata hivyo hazijaota, kwa hivyo hakuna aliyeumia, si ndiyo?

Kondele Damu
Subirini kwanza. Huyu alisema leo ni mara yake ya kwanza kuandika. Nimebonyeza jina lake. Mwezi wa pili akaunti hii hii iliuliza bei ya pikipiki kuukuu, ikajitambulisha kama "baba wa watoto wawili hapa Kitale". Leo ni mke wa mtu Njoro, ana wifi, ana mama mkwe mwenye tochi. Wadau, tumepigwa. Nesi wetu amemaliza bando akimshauri muigizaji.

Mzee wa Lanet
Na mimi nimesimulia kesi yangu ya mpaka yote!

Njoro Kwetu
Akaunti ni ya mume wangu. Alikuwa anafanya kazi Kitale, akarudi. Nilisema mara ya kwanza kwa sababu ni mara ya kwanza mimi.

Kondele Damu
Kwa hivyo mumeo akifungua simu anaona umemwekea mamake sumu na umekula pesa ya kamati. Hadithi imeshonwa vizuri, hongera.

Dada Kitalu
Awe ametunga au la, kuna jambo limenikosesha raha. Njoro Kwetu, umeandika kwamba hazijaota kwa hivyo hakuna aliyeumia. Zile mbegu ulizofukia hazijafa. Mbegu ya foksiglavu inakaa ardhini miaka, inangoja. Siku mama atapiga jembe kwenye mistari yake, udongo utageuka, zitaona mwanga, na zitaota katikati ya mabaki bila mtu kuzipanda.

Hapo huwezi tena kupanda mboga ya kula, wala ya sungura. Hamisha mabaki. Si kazi, kipande chochote cha mzizi kinachipua. Weka upande wa pili wa nyumba, changarawe iwe imeondolewa na samadi imeingia. Kitalu cha zamani kiachieni maua peke yake na mzungushe waya.

Ya harusi sahau foksiglavu. Iliyochumwa nyuma ya nyumba Bristol nina wasiwasi ni ile ya mwaka wa pili. Panda kosmosi na zinia mwezi wa tisa mwanzoni, Desemba unakata. Zikikuangusha, waridi za Naivasha haziko mbali.

Njoro Kwetu
Nikimwambia ahamishe mabaki ataniuliza sababu. Na kamati nimeshawaonyesha picha ya foksiglavu, wifi amechagua na rangi ya magauni ifanane. Siwezi kuanza kuhamisha mabaki usiku mwenyewe nikasema ni fuko?

Nesi wa Zamu
Hapana. Mwambie leo, kabla ya maombi.

Njoro Kwetu
Habari zenu. Hapa ni mwenye akaunti. Nimesoma yote nikiwa stendi. Mama nimempigia, ameambiwa asichume kitu mpaka nifike. Amekasirika ila anashukuru. Nesi na Dada Kitalu, asanteni sana. Pikipiki sikununua, kwa aliyeuliza.

Sasa nina swali moja kwa mke wangu, na najua anasoma: hiyo pesa ya kamati ilikuwa ngapi, na imebaki ngapi?

Kondele Damu
Akaunti inajiuliza maswali yenyewe. Mimi bado siamini, lakini sitoki hapa hadi ijibu.